Nimelipia bati jipya, nimeuziwa puti (lile rojo la kusawazisha bodi) na wavu wa mbu!

Wakuu, naandika uzi huu bisibisi ikiwa bado mkononi, kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie.

Nina gari, Volkswagen Beetle ya 1968, niliachiwa na mzee wangu. Kutu ilikuwepo, sikatai. Sakafu chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, pale inapokaa betri, ilikuwa imeliwa na asidi mpaka unaiona barabara. Wenye Beetle mnapajua hapo. Na zile njia za hewa ya moto zinazopita chini ya milango, ukizigonga zilikuwa zinamwaga unga. Nikaelekezwa kwa fundi bodi anayesifiwa sana. Tukakubaliana ana kwa ana: vua rangi yote mpaka bati, kata kila penye kutu, chomelea bati jipya, ndipo upake. Gari likarudi linang'aa, hata nikaona haya kulikalia na suruali ya kazini.

Miezi mitano tu! Juu ya taa ya mbele kushoto kikatokea kipele kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikajipa moyo, labda vumbi. Vikawa vitatu, vikaungana. Jana nimekibonyeza kwa ukucha kikapasuka, yakatoka maji ya rangi ya chai. Maji, wakuu, chini ya rangi!

Nikachukua bisibisi. Rangi ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake praima (rangi ya msingi) ya kijivu, chini ya praima puti nene kama biskuti, na ndani ya puti wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu. Nyuma ya wavu hakuna kitu. Ngumi yangu inapita. Na hapo kwenye taa ni madigadi, na madigadi ya Beetle inafungwa kwa bolti! Angeniambia nitafute nyingine tufunge, hata moto wa kuchomelea usingehitajika.

Nikazunguka gari zima na sumaku ya kwenye friji. Paa inashika, bonneti inashika, ikifika kwenye madigadi na chini ya milango inadondoka kama nimeiweka kwenye ubao.

Nikampigia. Kanijibu: "Mzee, gari la zamani lazima liote kutu." Lazima!

Nikarudi kwenye picha alizokuwa ananitumia kazi ikiendelea. Ya kwanza, bodi tupu inameta. Ya pili, siku tisa baadaye, gari liko palepale nje na bonneti imekuwa ya rangi ya chungwa. Mimi wakati ule nikadhani ni praima. Haya, nichekeni. Bati tupu likipata unyevu linaweza kuanza kutu ndani ya saa chache. Hata jasho la kiganja linaacha alama ya vidole. Ukishalivua unalifuta mafuta na kulipiga epoksi, ile praima ya kuzuia unyevu, mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana. Puti inakuja juu ya epoksi, milimita 3 hivi, ya kusawazisha tu, si ya kuziba matundu. Ina unga wa talki ndani yake, inanyonya maji. Praima ya kujazia nayo ni vilevile: ukiliacha gari mvuani na praima hiyo peke yake, umelivika blanketi lililolowa. Huyu bwana alipuliza kila kitu juu ya kutu. Na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana rangi inainuliwa kutoka chini.

Msije mkaniambia angepaka dawa ya kutu. Asidi ya fosforiki inasaidia ile kutu nyembamba iliyobaki kwenye vishimo. Haigeuzi tundu kuwa bati.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni mlango. Zile njia za hewa ya moto za chini ndizo uti wa mgongo wa bodi. Kabla ya kuzikata unachomelea kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, bodi isije ikajikunja. Yeye alizikata na kuchomelea bila kuweka hata kimoja. Sasa mlango wa kulia naunyanyua kwa mikono miwili ndipo ufunge, nikaambiwa eti bawaba zimechoka. Bawaba! Na matundu ya kutolea maji chini ya mlango ameyapaka lami yakaziba. Ukifunga kwa nguvu unasikia maji yanacheza humo ndani.

Eti nimrudishie gari, nilipe "rangi tu". Hapana.

Ninachoomba: aliyewahi kubadilisha njia hizo kwenye Beetle, mlango ukishalala namna hii bodi inarudishwaje? Nikate alichochomelea, niinyanyue na jeki ndipo niweke vyuma, au niinue bodi nzima kutoka kwenye chasi?

Viti nimeshavitoa. Ndoo moja ya puti imejaa, na upande wa kulia sijaugusa. Picha nitaziweka jioni.