MREJESHO: Kamba kuchubua gome la tawi

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia kamba isichubue gome ninapopanda miti kwa kujifurahisha, maana hata kamba yenyewe ilishaanza kutoka nyuzi. Asanteni sana mliojibu.

Nilianza na kipande cha mpira wa maji kilichovishwa kwenye kamba. Gome lilisalimika, ila mpira ulihamahama na msuguano ukabaki palepale. Siupendekezi, labda kama huna kingine.

Kilichonifaa ni mkanda wenye pete mbili za chuma, kubwa na ndogo. Unazungushwa tawini, kamba inapita ndani ya pete, kwa hiyo haigusi gome kabisa. Kupanda kumekuwa kwepesi mno!

Kasheshe ni kuushusha mkanda wewe ukiwa chini. Fundo la mwisho wa kamba linapaswa kupita pete kubwa, linase kwenye ndogo, livute mkanda wote. Kwenye tawi lililo wazi mkanda unashuka vizuri (kaeni pembeni, pete zinaanguka kwa kishindo). Kwenye panda finyu (pale matawi yanapoachana kwa kubanana) unakwama. Kuna siku ilibidi nipande tena kuufuata. Kwa panda za namna hiyo bado sijapata dawa.