Parking ya bure inanifukuzia wateja, nifanye nini?

HadweaKisumu: Wasee hamjambo. Nina hadwea hapa Kisumu tao, nauza rangi, mabomba na simiti. Mbele ya jengo kuna uwanja unaotosha magari kumi hivi na landlord ameandika kwa geti PARKING BURE KWA WATEJA. Sasa shida, kabla hata sijafungua duka pamejaa, magari ya watu wa maofisi ya hapo jirani wanaokwepa kulipia parking ya kaunti, wanaacha gari asubuhi wanakuja kuitoa jioni. Mteja akija na pikap kubeba simiti anazunguka, anapiga honi, anaenda kwa mwingine. Soja anasema yeye hajaambiwa afukuze mtu. Wenye maduka wenzangu wanaogopa kulipisha, wanasema wateja watahama. Nishaurini jameni.

NyarMilimani: Bure ya nani? Hiyo kabro ikibonyea nani anarekebisha, soja nani anamlipa, taa za usiku je? Angalia sevis chaji yako utaona unawalipia watu ambao hawajawahi kununua hata msumari kwako.

MtuWaSite: Mimi ni fundi wa majengo wacha nikupe hesabu. Gari moja inataka kama mita 2.5 kwa 5, hapo ni 12.5 za mraba, lakini ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia unafika 25 hivi. Magari kumi ni 250. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 464 za mraba, so zaidi ya nusu ya ploti imelala chini ya magari. Hiyo ardhi ingekuwa vibanda ingelipa rent, na kwa sababu hailipi, landlord anaitafuta kwa rent yenu.

DereWaTuktuk: Na nyinyi mnaiweka kwa bei ya rangi. Mama nimemleta na tuktuk kununua mkebe mmoja analipia parking ya mtu wa ofisi na hana gari! Hii inaniuma kwa sababu wengi wa wateja wenu tunawaleta sisi na mkituona getini mnatufukuza eti tunaziba njia.

Baba_Otis: Pole pole jameni. Mtu akishalipa kaunti huko nje halafu ndani pia mumlipishe, ataenda duka lingine. Biashara saa hii ni ngumu.

Mpangaji_wa_Miji: @Baba_Otis hofu yako ina msingi, ndio maana usilipishe mteja, lipisha muda. Kuna profesa wa UCLA, Donald Shoup, alifariki 2025, alisema bei nzuri ya parking ni ile ya chini kabisa inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila wakati. Sasa saa ya kwanza iwe bure, mtu wa simiti hamalizi hata nusu saa, baada ya hapo kila saa ilipwe na mwenye kukaa mchana kutwa aisikie. Na pesa zisipotelee kwa mfuko wa landlord. Pasadena huko California waliweka mita za kulipia parking mwaka wa 1993, wenye maduka walikuwa wanapinga mpaka wakaahidiwa pesa zote zitarudi hapo hapo kutengeneza njia za miguu na taa, ndio wakakubali.

NyarMilimani: Na mtenge pahali pa tuktuk kushushia watu, nafasi moja ya gari inatosha tuktuk mbili.

HadweaKisumu: Asanteni sana. @DereWaTuktuk hiyo ya mama nimeisikia, hiyo nafasi nitaiomba ya kwanza. @Baba_Otis je, mteja akinunua kwa duka lolote hapa risiti ipigwe muhuri, akionyesha soja hatozwi hata akipitisha saa?

Baba_Otis: Hapo sasa sina neno. Lakini walipe kwa till, soja asishike cash, na hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi wapangaji wote waione. Landlord akikataa hiyo ya hesabu, msianze.