Mrejesho: faini ya kulungu imenifuata hadi nyumbani

Wakuu, mtakumbuka niliuliza: nimeandikiwa faini kwa kulungu asiye na lebo (kibandiko cha kibali anachofungwa mnyama aliyewindwa) nikiwinda jimbo jirani huku Marekani, sikulipa, je, jimbo ninaloishi watajua?

Wamejua. Barua imekuja, leseni yangu ya kuwinda imesimamishwa mpaka nimalize ile kesi. Kumbe kuna mkataba wa majimbo dhidi ya wavunja sheria za wanyamapori. Ulianza na Colorado, Nevada na Oregon, leo karibu majimbo yote yamo. Ukifungiwa leseni jimbo moja, mengine nayo yanaweza kukufungia. Yule aliyenishauri nikakate leseni jimbo la tatu, ndugu yangu, ungenizamisha.

Kinachoniuma ni kwamba mkataba huohuo ndio ulionisaidia siku ile. Kwa sababu yake mgeni huandikiwa na kuachwa aende zake kama mwenyeji, bila kushikiliwa wala kuweka dhamana papo hapo. Mimi nikadhani ni upole wa askari!

Jana nimelipa, risiti nimeituma mwenyewe. Nilitaka nijipoze na ndoano ziwani, ila mkataba unagusa na uvuvi. Nasubiri jibu.