Kamati ya Harusi ya Nasra (Wanawake Tu)

Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum jamaa. Zimebaki wiki sita. Kuna mwenye saluni hapa mtaani anakoroga mwenyewe mkorogo wa maharusi, anasema kwa wiki nne bi harusi anatakata mwili mzima. Elfu sitini. Tuuingize kwenye bajeti?

Khalati Maryam: Waalaykum salaam wifi. Mie naunga mkono. Lakini apake mpaka vidole, tusije tukaona picha uso wa njano mikono myeusi.

Da Asha: Waalaykum salaam shangazi, khalati. Shikamooni. Niko zamu ya usiku ila hili siwezi kuliacha mpaka asubuhi. Tafadhalini msiuingize. Mkorogo hauna lebo, hakuna ajuaye ndani mna nini, na mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni, yaani dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, au steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, au vyote pamoja.

Da Asha: Zebaki inaizuia ngozi isitengeneze rangi yake, ndiyo huo "utakaso". Lakini inapenya hadi kwenye damu na kuumiza figo. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaacha madoa ya kijivu-samawati mashavuni, hayatoki kwa sabuni, na hata kwa dawa ni vigumu. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba: michirizi mapajani, vidonda haviponi upesi, na akija kupasuliwa kwa uzazi ngozi inashoneka kwa taabu.

Khalati Maryam: Yangu siyo ya kukoroga Asha, ni ya dukani, ina boksi na maandishi, inatoka nje.

Da Asha: Khalati, geuza boksi usome. Ukiona calomel, mercuric, mercurous au Hg, ni zebaki hiyo. Na wengine hawaitaji kabisa, ila wanaonya krimu isiguse dhahabu wala fedha. Krimu ya uso ina ugomvi gani na bangili? Zebaki hushikana na dhahabu na kuiharibu.

Khalati Maryam: 📷 Picha

Khalati Maryam: Subhanallah. Lipo, chini kabisa, maandishi madogo: isiguse vito vya fedha, dhahabu wala mpira. Na kopo jingine nilimpa Nasra.

Salma: Da Asha, mwanangu analala na Nasra kila mchana nikiwa dukani!! Mto mmoja!

Da Asha: Ndiyo maana sikutaka kusubiri kukuche. Zebaki haibaki kwa aliyepaka. Inakwenda na foronya, taulo, mkono unaomshika mtoto, na mtoto mdogo ndiye inayemuumiza zaidi, ubongo wake bado unakua. Foronya na mataulo yake yatengwe, yasichanganywe na nguo za mtoto. Makopo yote mawili yafungwe kwenye mfuko, yasichomwe moto, mvuke wake ni sumu. Nitauliza hapa kazini pa kuyapeleka. Na mtoto tumpeleke akapimwe.

Nasra: Da Asha napaka hiyo usiku tangu kabla ya Ramadhani. Asubuhi napaka ya tyubu, imeandikwa clobetasol. Nikiikosa siku mbili uso unawaka moto, mwekundu, ndiyo narudia.

Da Asha: Nasra mdogo wangu, usione haya, umefanya vizuri kusema. Ya kopo acha leo hii. Ya tyubu ni steroidi, hiyo usiikate ghafla, daktari wa ngozi ndiye atakayekupangia namna ya kuipunguza. Kuwaka huko ni ngozi imeshaizoea dawa. Utapimwa na mkojo tujue figo zikoje.

Shangazi Zuhura: Na serikali inaviachia tu vitu hivi?

Da Asha: Vimepigwa marufuku shangazi, vinapita kwa magendo. Kuna na mkataba wa mataifa kuhusu zebaki, Mkataba wa Minamata wa 2013, jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza, watoto wakazaliwa na ulemavu. Ugonjwa ule ulitambuliwa 1956. Mkataba ulianza kwa kukataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni. 2023 nchi zikakubaliana hata hiyo 1 iondoke, mwisho 2025.

Bibi (simu ya Salma): Sisi tulisingwa. Asmini, mawaridi, langilangi, karafuu, unatwanga, unasaga liwa juu ya jiwe kwa marashi. Mtu alinukia mpaka ukumbini. Hakuna aliyetaka kuwa mweupe.

Da Asha: Hayo ndiyo nayataka bibi yangu. Ila tungoje uso upoe kwanza, na tujaribu kidogo mkononi, hata karafuu inawasha ngozi iliyochoka. Limau lisiguswe kabisa, limau na jua huunguza. Na zile chai za "kutoa sumu" zinazouzwa mitandaoni msimnunulie, kazi hiyo ni ya ini na figo. Mafuta ya nazi, maji, alale mapema.

Khalati Maryam: Na piko? Nilishamwambia mchoraji.

Da Asha: Hina tu khalati. Hina ya kweli inakaa saa nyingi na inatoka nyekundu-kahawia. Piko nyeusi inayoshika upesi ni rangi ya nywele, ina dawa iitwayo PPD. Ulaya hata kwenye nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2, na kuchorea ngozini hairuhusiwi. Huku wanaikoroga kwa kukisia. Ikimkataa mtu, ua lote linatumbuka malengelenge, kovu linabaki na umbo la ua lilelile, na mwili hausahau, hata akija kupaka rangi ya nywele uzeeni atavimba.

Bibi (simu ya Salma): Udi je? Usiniambie na udi.

Da Asha: Fukiza bibi, ila fungua dirisha, na mtoto awe chumba kingine.

Shangazi Zuhura: Haya. Elfu sitini naihamishia kwa daktari na vipimo, mtoto na Nasra. Maryam mwambie mchoraji hina tupu. Asmini nitaagiza shamba.

Salma: Nasra, saa mbili asubuhi nakupitia. Njoo na hiyo tyubu daktari aione.