Waa jeusi chini ya wayo wa mama: nimwache au nimpeleke hospitali?

BintiMicheweni: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu, mkulima wa mwani huku Micheweni, ana waa jeusi chini ya wayo wa kushoto ambalo mwanzo tulidhani ni mwiba wa baharini uliovunjikia ndani, lakini sasa limetanuka, ukingo wake umepindapinda, na rangi yake ni nyeusi upande mmoja na kahawia upande mwengine. Haliumi. Mwenyewe anasema ni sawa na vipele vyeusi vya mashavuni mwake, ambavyo bibi pia alikuwa navyo, na kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi. Naomba hoja za kumjibu, kwani kwa kulazimishwa hatokwenda.

TabibuMstaafu: Wa alaykumu ssalaam. Kuhusu vipele vya mashavuni mama yuko sahihi: vile vidogo vilivyoinuka, vinavyorithiwa na kuongezeka kwa umri, havina madhara na ni vya kawaida mno kwetu. Waa la unyayoni ni jambo jengine. Rangi ya ngozi hutengenezwa na chembe ziitwazo melanosaiti, ambazo idadi yake kwa mweusi na mweupe haipishani sana. Kinachopishana ni wingi na aina ya melanini (rangi yenyewe) zinayoitengeneza, ambayo hukaa juu ya kiini cha chembe za ngozi mfano wa mwavuli ili mionzi ya jua isiharibu vinasaba. Melanosaiti zikijikusanya pahala pamoja tunapata waa la kawaida. Zikizaana bila ya mpaka, hiyo ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Kwa watu weusi maradhi haya ni machache, lakini yanapotokea huwa zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na aina hiyo haisababishwi na jua, kwa hivyo weusi wa mama haumkingi hapo. Waa linalotanuka, lenye ukingo usio sawa na rangi zaidi ya moja, lazima lionwe na daktari hata kama haliumi.

Mmakunduchi: Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana vidoadoa vya kahawia puani vinavyokoza kila akishinda juani. Na yeye?

TabibuMstaafu: Hivyo ni melanini iliyozidi tu, chembe hazikuongezeka. Mara nyingi hutokana na kinasaba cha MC1R. Mvalishe kofia.

MzeeWaMkoani: Bibiye, msimulie mama habari ya Bob Marley (hata kama reggae haipendi). Mwaka 1977 aligunduliwa melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na mwaka 1981 akafariki akiwa na umri wa miaka 36 baada ya maradhi kusambaa mwilini. Kisha mama asikubali mtu alichome waa lake au alikate kwa wembe nyumbani.

TabibuMstaafu: Naam, kwa sababu kipande kinachokatwa ndicho kinachopimwa maabara, na kikiharibiwa jibu linapotea.

BintiMicheweni: Ahsanteni. Habari ya unyayo kutokingwa na weusi imemgusa. Amekubali, ila anataka bamvua hili lipite kwanza avune mwani.

TabibuMstaafu: Bamvua hili basi, lisiwe la pili. Leo lipige picha likiwa na rula pembeni, umwoneshe daktari, na ukague kucha zake zote na viganja.