Pini ya kifyatulio inatembea kwenye AR-15 ya bei nafuu, nifanyeje?

Mkulima_wa_Texas

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye kuzijua hizi bunduki za AR-15. Niko nje kidogo ya Dallas. Bunduki yenyewe ni ya bei ya chini, inakula risasi za 5.56, niliinunua ikiwa imeshatumika. Kazi yake ni nguruwe pori kwenye shamba la rafiki yangu, maana huku wanafukua mahindi usiku kucha.

Shida ni pini ya kifyatulio, kile unachovuta kwa kidole. Nikimaliza magazini naikuta imechungulia upande wa kushoto kiasi cha unene wa sarafu. Naisukuma kwa kidole inarudi, nikipiga tena inatoka. Pini ya nyundo (kile kipande kinachogonga ili risasi ilipuke) iliyo mbele yake imetulia, haina neno. Halafu sijui kama hili linahusiana: mara mojamoja nyundo inaanguka lakini risasi hailipuki, na nikiitoa nakuta fataki (ile sehemu ndogo kitakoni mwa risasi inayogongwa) imebonyea kidogo tu.

Mtu kaniambia nitie gundi ya skrubu kwenye tundu. Nimeambatanisha picha mbili za ndani.

Bwana_Korosho

Mkuu, nunua zile pini zinazofungwa kwa skrubu huku na huku. Haziendi popote. Mimi ninazo kwenye yangu na nimesahau habari hiyo.

Fundi_Mtanga

Mkulima, kwanza usiipige tena hiyo bunduki mpaka hili liishe. Pini ikitoka upande mmoja, kifyatulio kinakaa mshazari, na hapo huna uhakika kitaishika nyundo au kitaiachia lini. Bunduki ya namna hiyo inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Nafanya kazi kwenye karakana ya bunduki huku Arizona, na hii ndiyo kasoro ninayowaomba watu wasiivumilie hata siku moja.

Gundi usiiguse. Itachuruzika ndani na kunasa kifyatulio chenyewe. Pini za Korosho ni nzuri, lakini zitaficha ugonjwa wako, hazitautibu.

Sikiliza inavyofanya kazi. Pini ya nyundo na ya kifyatulio ni aina moja, kipenyo inchi 0.154, karibu milimita 3.9. Kila moja ina mifereji miwili myembamba, mmoja katikati na mwingine karibu na ncha moja. Ya nyundo inashikwa katikati na kispringi chenye umbo la herufi J kilichomo ndani ya nyundo. Ya kifyatulio haina kispringi chake. Inashikwa na miguu ya springi ya nyundo: miguu hiyo inaelekea nyuma na kulala JUU ya pini, mmoja kushoto, mmoja kulia, na mmoja wao unaingia kwenye ule mfereji wa nchani. Mguu huo ndio kufuli, hakuna kingine.

Sasa tazama picha yako ya pili. Mguu wa kulia uko juu ya pini, sawa. Wa kushoto umepita CHINI ya pini, umekanyaga sakafu ya risiva (kasha la chini linalobeba kifyatulio). Na mfereji wa nchani uko upande huohuo wa kushoto, kwa hiyo hauna wa kuushika. Ndiyo maana pini inatembea. Na kwa kuwa mguu mmoja haujakazwa inavyotakiwa, nyundo inapiga kwa unyonge, ndiyo maana fataki inabonyea tu. Matatizo yako mawili ni tatizo moja. Aliyeifungua kabla yako aliirudisha vibaya.

Kurekebisha: toa magazini, vuta bolti (kifungio cha chemba) nyuma, chungulia chemba (mahali risasi inapokaa) kisha ingiza na kidole uhakikishe ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Tenganisha sehemu ya juu na ya chini. Ukiwa na sehemu ya chini peke yake, usiiachie nyundo ianguke yenyewe, itagonga ukuta wa mbele na kuuumiza. Ishushe taratibu kwa kidole gumba. Vaa miwani. Kwa panchi ya shaba sukuma pini kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, mpaka ncha yake iuachie ule mguu tu, usiitoe yote. Nyanyua mguu kwa bisibisi ndogo, kandamiza kifyatulio ili matundu yalingane, kisha irudishe pini ipite chini ya mguu. Utaona mguu ukidumbukia mferejini. Sukuma pini kwa kidole pande zote mbili: haitakiwi kusogea.

Kabla ya kuifunga, ijaribu, kidole gumba kikiwa kwenye nyundo muda wote. Vuta nyundo nyuma mpaka inase, weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio: isianguke. Toa kizuizi, vuta: ianguke. Usiachie kifyatulio, irudishe nyundo nyuma: inase. Sasa achia kifyatulio polepole: usikie mlio mdogo na nyundo ibaki imeshikwa. Moja ikishindwa, ipeleke kwa fundi.

Mkulima_wa_Texas

Fundi, Mungu akubariki. Mguu ulikuwa chini kama ulivyosema. Nimeunyanyua, majaribio yote yamepita, na leo nimepiga shabaha asubuhi nzima: pini haijasogea hata kidogo, na kila risasi imelipuka. Swali moja: kutembea kote kule hakujapanua matundu? Risiva ni ya alumini na pini ni ya chuma.

Bwana_Korosho

Nami nataka kujua hilo. Nimesikia kuna pini nene zaidi.

Fundi_Mtanga

Zipo, lakini usinunue kwa kusikia. Baadhi ya Colt za zamani zilitobolewa kwa pini za 0.170, hizo haziingii kwenye risiva yako. Chukua pini mpya ya 0.154, iingize kwenye tundu tupu, bila kifyatulio, uitikise. Ikiingia kwa kusukumwa na isicheze juu na chini, matundu ni mazima. Ikicheza, au tundu limekuwa la yai, pini za skrubu hazitakusaidia. Hapo risiva ndiyo mbovu.

Na ikifika huko, mwandikie mtengenezaji kabla ya kutoa hela. Sheria ya Marekani inakuruhusu kumpelekea mtengenezaji bunduki yako kwa matengenezo, naye akakurudishia moja kwa moja. Ukiamua kununua risiva mpya, hiyo yenye namba inahesabika kuwa ndiyo bunduki, kwa hiyo ukiiagiza mtandaoni itapitia kwa muuzaji mwenye leseni, haiji mlangoni kwako. Springi ya nyundo badilisha tu hata kama inaonekana nzima, ni ya bei ndogo na hujui imekaa hivyo muda gani.