Nimetoa Chaser yangu na milioni 7 juu, nikapewa STI yenye injini ya Forester. Nataka haki yangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Niko Mtwara mjini. Wiki tatu zilizopita nilibadilishana gari na yadi moja ya Dar es Salaam kupitia dalali wa hapa hapa kwetu. Niliwapa Toyota Chaser JZX100 Tourer V, manyuali, na juu yake shilingi milioni 7 taslimu. Wao wakanipa Subaru Impreza WRX STI ya 2003. Kwenye mkataba imeandikwa hivyo hivyo, "Subaru Impreza WRX STI", na sahihi zetu ziko chini. Juzi Jumamosi ndio nimejua kwamba nilichopewa ni bodi ya STI iliyopachikwa injini ya Subaru Forester.

Jina la yadi silitaji leo. Wakili kaniambia nisubiri barua iwafikie kwanza.

Nianze na Chaser ili mwelewe kinachoniuma. Ile gari niliinunua kwa hela ya korosho, msimu wa 2017, ule ambao kilo ilivuka shilingi elfu nne mnadani na kila mtu huku kusini akapiga bati. Wenzangu walijenga. Mimi nilikuwa na nyumba tayari, nikasema safari hii nanunua kitu ninachokipenda. Injini 1JZ, silinda sita kwa mstari, tabo moja (kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), giaboksi ya R154. Miaka yote hiyo sijawahi kuichemsha hata siku moja. Oili nilibadilisha kila kilomita elfu tano, taimingi beliti nilifunga mpya nikisimamia mwenyewe, rejeta nilinunua mpya sio ya kuziba kwa gundi. Aliyeichukua kachukua gari safi na alijua hivyo, maana walileta fundi wao akaipima compresheni silinda moja moja. Mimi nilimruhusu. Nilimpa hadi karatasi za matengenezo, bahasha nzima.

Kwa nini niliibadilisha? Kwa sababu ya barabara. Shamba langu liko upande wa Tandahimba. Hadi Mnivata ni lami, ukivuka hapo ilikuwa ni matope na vumbi la ujenzi. Gari inayosukuma kwa matairi ya nyuma, iliyokaa chini vile, masika ilikuwa inanitesa. Nilitaka gari ya kasi ile ile lakini inayovuta miguu yote minne. STI ndio jibu la kila mtu anayejua magari haya. Na kwenye karatasi zinalingana kabisa: 1JZ-GTE farasi 280, EJ207 ya STI farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza zaidi ya hapo. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa natoa 280 napokea 280, naongeza milioni 7 kwa sababu STI ni ya mwaka wa karibu zaidi na soko lake ni kubwa. Chaser ilihesabiwa milioni 18, STI milioni 25.

Na sikwenda kichwa kichwa. Hili nalisema mapema kwa sababu najua mtu wa tatu kuchangia hapa ataniambia nilikurupuka. Nilikwenda na fundi. Tuliangalia namba ya chesisi, inaanza na GDB, na GDB ndio STI yenyewe, WRX ya kawaida ni GDA. Giaboksi ni ya gia sita, tulizipita zote. Breki ni zile za Brembo za dhahabu, mbele na nyuma. Tukaangalia oili, maji, moshi. Tukaiendesha kutoka Shangani hadi Mikindani na kurudi. Kila kitu cha STI tulichokishika kilikuwa cha STI kweli. Kitu kimoja tu hatukukisoma, namba ya injini, kwa sababu kwenye Subaru hizi imefichwa chini ya intakula (kipoozea hewa ya tabo), na kuifungua intakula ya mtu kabla hujalipa hata senti dalali alisema ni kumdharau mwenye gari. Nikakubali. Hapo ndipo waliponikamata.

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi mwingine, yuko Magomeni ya hapa Mtwara, kwa jambo dogo tu. Bomba la hewa ya tabo lilikuwa linavuja, ukikanyaga mafuta unasikia inapumua pembeni. Akafungua intakula akaiweka chini. Akanyamaza. Akachukua tochi, akamulika nyuma ya injini, kisha akaniita: "Kaka, kadi ya gari unayo hapa?"

Nikampa. Akalowesha kitambaa kwenye petroli, akaingiza mkono, akaanza kusugua pale juu ya bloku, injini inapokutana na giaboksi. Grisi nyeusi na vumbi jekundu vikawa vinatoka, namba zikaanza kuonekana moja moja. Akawa anasoma kwa sauti, mimi nafuata na kidole kwenye kadi. EJ20, sawa. Kuanzia hapo kwenda mbele hakuna kilichokubaliana. Tukarudia. Mara ya tatu nikapanda mwenyewe juu ya stuli, nikachukua tochi nikasoma kwa macho yangu, jasho linadondokea kwenye injini. Namba ya kwenye kadi ni nyingine na namba ya kwenye chuma ni nyingine kabisa.

Fundi akaniuliza swali ambalo linanizunguka kichwani hadi leo. "Walipokuletea hii gari, ilikuwa inaunguruma hivi hivi?"

Wakuu, ule mngurumo ndio ulioniuzia gari. Dalali alikuwa anaipigisha resi pale nje ya nyumba yangu, ile du-du-du-du ya Subaru, watoto wa mtaa wamejaa, anasema "sikia STI hiyo". Kumbe STI ya soko la Japani ya toleo lile haiungurumi vile. Tabo yake ina njia mbili za kuingizia moshi na mabomba ya ekzosi yametengenezwa urefu sawa, mapigo yanafika kwa zamu zinazolingana, kwa hiyo mlio wake ni laini. Mngurumo wa du-du-du unatokana na mabomba yenye urefu tofauti, na hayo ndiyo yaliyoko kwenye Forester ya tabo ya miaka ile. Walikuwa wananisikilizisha ushahidi wa wizi wao, na mimi nafurahi.

Injini iliyomo ni EJ205. Kwenye Forester inatoa farasi 220, tabo yake ni ndogo. Mji mzima utaendesha na utaona ina nguvu, kwa sababu inashika mapema. Lakini ipandishe mlima, ivute hadi juu. STI halisi dashibodi yake mstari mwekundu unaanzia mizunguko 8000 kwa dakika, na EJ207 inafika huko ikiwa bado na pumzi. Hii yangu ikivuka 5500 ni kama mtu kaikaba koo. Wiki mbili nilikuwa najiambia labda ni mafuta mabaya, labda plagi. Nimenunua plagi mpya. Nimebadilisha pampu ya mafuta. Laki nne nimetupa nikitafuta ugonjwa ambao haupo.

Tukasema tusiishie hapo. Fundi akaniambia niwashe suichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake kwanza, kisha zizime injini ikishawaka. Ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya mikanda ikawaka. Ya injini, kimya. Akafungua dashibodi. Nyuma ya ile taa kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, mraba mdogo wa kufunika alama ya injini tu. Akakibandua. Taa ikawaka, na hata tulipowasha injini haikuzima. Hapo mtu asiniambie kwamba yadi nao walidanganywa na aliyewauzia. Inawezekana kwa injini. Lakini nani anaingiza gari yadini, anaiosha, anaipaka polishi hadi kwenye matairi, na hajui taa ya injini haiwaki?

Nikapiga simu. Mhusika akapokea kwa heshima kabisa, "shikamoo mzee wangu" (mimi na yeye tunakaribiana umri). Nikamweleza. Akanijibu: "Mzee wangu, gari inatembea haitembei?" Nikamwambia inatembea. Akasema basi hakuna tatizo, uliijaribu mwenyewe ukaridhika, na mkataba unasema umeipokea kama ilivyo. Nikamwambia nirudishie Chaser yangu na milioni zangu 7, njoo uchukue gari yako, gharama ya mafuta ya kuileta Dar nabeba mimi, kilomita 560 naendesha mwenyewe. Akasema Chaser imeshauzwa. Wiki tatu tu. Nilipopiga tena jioni, namba yangu imezuiwa.

Dalali naye nimemfuata kijiweni kwake. Anasema yeye alikula laki tatu tu ya udalali na injini yeye haijui. Mtu aliyesimama nje ya geti langu akasema "sikia STI hiyo" leo injini haijui.

Sasa kuna kitu kimoja nakiomba tusikizungushe. Wapo watakaosema EJ205 ni injini nzuri, inadumu, vipuri vyake vimejaa. Ni kweli kabisa. Shemeji yangu ana Forester na sijawahi kuisema vibaya. Wangeniambia "kaka, hii ni STI lakini injini yake ilikufa, tumeweka ya Forester, na kadi haijabadilishwa", ningesema tubadilishane gari kwa gari, bila ya milioni 7, au ningekataa nikabaki na gari yangu. Bei ya STI iko kwenye injini ile. Ukiitoa, umebaki na breki nzuri na bawa la nyuma. Ni sawa na mtu akuuzie gunia la korosho daraja la kwanza, ukilifungua juu ni nyeupe na chini ni mbovu, halafu akuambie mbona gunia uliliona.

Na sio nguvu tu. Kadi inasoma injini moja, gari ina nyingine. Nikisimamishwa na trafiki akaamua kukagua, nitajieleza vipi? Nikipata ajali, bima wakiipima gari wana sababu ya kunikatalia. Nikitaka kuiuza, nimuuzie nani kwa dhamiri safi? Na ile injini ya Forester imetoka wapi? Ina karatasi? Ni ya halali? Silali vizuri kwa swali hilo peke yake.

Kuhusu hayo maneno "kama ilivyo", wakili kanisomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mtu aliyeingia mkataba kwa kudanganywa anaweza kuukataa mkataba huo. Na kwa sheria ya uuzaji wa bidhaa, gari iliyouzwa kwa jina na maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. "Kama ilivyo" inahusu mkwaruzo, tairi lililoisha, kiti kilichochanika. Haiwezi kuhusu kitu kilichofunikwa kwa tepu ili nisikione. Tunaandaa barua ya madai ya siku 14, kisha mahakamani. Nimepiga picha namba ya injini, kadi, na kile kipande cha tepu nimekihifadhi kwenye bahasha.

Ninachoomba humu ni mambo mawili. Aliyewahi kufungua kesi ya namba ya injini kutolingana na kadi anieleze alianzia wapi, polisi au mamlaka ya mapato, maana huku kila ofisi inanitupa kwa mwenzake. Na kama kuna mtu mwingine wa Mtwara, Lindi au Masasi aliyebadilishana gari na yadi ya Dar kupitia dalali wa Mtwara miezi hii, fungua intakula yako leo, usingoje bomba livuje.

NYONGEZA, Jumanne usiku: Asanteni kwa ushauri. Aliyesema tatizo ni mimi "kuacha gari ya heshima kwa ajili ya Subaru", nimesoma, sijibu. Barua imetumwa leo asubuhi kwa basi, na nakala nimempa dalali mkononi mbele ya mjumbe wa mtaa.

NYONGEZA YA PILI, Alhamisi: Yadi wamenipigia kwa namba nyingine. Wanasema watanipa milioni 2 "tumalizane kiume" na niufute huu uzi. Tofauti ya bei ni milioni 7, plagi na pampu laki nne, na gari yangu wameshaiuza. Nimekataa. Uzi haufutwi.

Chaser yenyewe ni ya rangi ya fedha, kioo cha nyuma kushoto chini kina mchubuko mdogo wa umbo la mwezi, na kitasa cha gia ni cha mti wa mpingo, nilichongewa na mzee mmoja wa Kimakonde. Aliyeinunua hana kosa na simdai chochote. Akisoma hapa nataka ajue tu kwamba bahasha ya matengenezo ilikuwepo, tangu 2017, na kama yadi hawakumpa aidai.